Göbekli Tepe: kifusi kinasema nini, na kinapotosha wapi

Karibu kila anayezisikia habari za Göbekli Tepe, kilima cha Uturuki chenye majengo ya mawe yenye umri wa zaidi ya miaka 11,000, kwa mara ya kwanza huambiwa mambo matatu: kwamba ni hekalu la kwanza duniani, kwamba lilijengwa na wawindaji wasio na makazi, na kwamba wenyewe walilifukia kwa makusudi walipomaliza kulitumia. La kwanza lina mjadala mkali. La pili limeshapungukiwa na ushahidi. La tatu limeachwa na wengi wa wanaochimba pale leo. Na yote matatu yanasimama au kuanguka kwa kitu kimoja ambacho picha nzuri za nguzo hazikionyeshi: kifusi. Hayo ni mamia ya tani za mawe, udongo, mifupa na vipande vya gumegume (jiwe gumu la kutengenezea zana) vilivyokuwa vimejaa ndani ya kila jengo kabla nguzo hazijafukuliwa. Ukielewa kifusi kilifikaje mle, nusu ya mafumbo yanafunguka yenyewe, na yale yanayobaki ni mafumbo ya kweli.

Kilima chenyewe kiko kusini-mashariki mwa Uturuki, kilomita 15 hivi kutoka mji wa Şanlıurfa. Jina lake kwa Kituruki lina maana ya kilima chenye kitambi, na kweli kinafanana na tumbo: kina kimo cha mita 15 na upana wa mita 300 hivi, na kimekaa juu ya kigongo kikavu cha mwamba wa chokaa. Mwaka 1963 watafiti wa Chuo Kikuu cha Istanbul na wa Chuo Kikuu cha Chicago walipita pale, wakaokota zana za gumegume, wakaona pia mawe yaliyochongwa yakichomoza ardhini, wakadhani ni makaburi ya zama za kati. Klaus Schmidt, mwanaakiolojia Mjerumani, alipofika mwaka 1994 aliyatambua mawe hayohayo papo hapo. Yeye alikuwa amefanya kazi Nevalı Çori, kijiji cha zama moja na Göbekli Tepe kilichochimbwa kati ya 1983 na 1991 kabla ya maji ya bwawa la Atatürk kukimeza, na huko alikuwa ameshaona nguzo zenye umbo la herufi T. Uchimbuaji ulianza 1995, na mwaka 2018 kilima kikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Jengo D kwa karibu

Majengo makubwa yaliyofukuliwa yamepewa herufi: A, B, C, D na kuendelea. Vipimo vya chini ya ardhi vinaonyesha kuwa yako kama 20 kwa jumla, na sehemu iliyochimbwa haifiki hata asilimia 10 ya kilima. D ndilo lililohifadhika vizuri kuliko yote, kwa hiyo tuingie humo.

Ni jengo la duara lisilo kamili, lenye upana wa karibu mita 20. Ukuta wake ni wa mawe yaliyopangwa kwa udongo, na kwa ndani unazungukwa na baraza la mawe, sawa na baraza tunazozijua za kukalia. Nguzo za T zimepachikwa ukutani, kati ya baraza na baraza, zote zikielekea katikati. Katikati zimesimama nguzo mbili kubwa kuliko zote, namba 18 na namba 31, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mita 5.5 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 8 hadi 10.

Itazame nguzo 18 kwa ubavu. Kichwa cha T ni kichwa cha mtu aliyetazamwa kwa upande, na shina lake ndilo kiwiliwili. Mikono imechongwa kwa ulalo kwenye ubavu, ikakunjwa kiwikoni, na vidole virefu vinakutana mbele juu ya tumbo. Chini ya vidole kuna mshipi wenye kifungo, na kutoka kwenye mshipi inaning'inia ngozi ya mbweha, miguu ya nyuma na mkia vikionekana, ikiwa kama ubinda. Shingoni kuna pambo lenye alama ya mwezi mwandamo na duara. Uso hauna macho, pua wala mdomo. Hao mafundi hawakushindwa kuchonga uso: sanamu ya mtu iliyopatikana mjini Şanlıurfa, ya zama hizohizo, ina kimo cha mita 1.80 na macho ya vipande vyeusi vya obsidiani, yaani kioo cha volkano. Kwa hiyo nguzo kukosa uso ni uamuzi wa mchongaji, na hapa ndipo fumbo la kwanza la kweli lilipo.

Tazama na chini. Nguzo 18 imesimama juu ya kitako kilichochongwa moja kwa moja kutoka kwenye mwamba wa sakafu, na mbele ya kitako hicho kuna safu ya ndege saba. Lakini tundu la kuipokea nguzo ni fupi mno, kama sentimita 15 tu. Jiwe la tani 8 lenye kimo cha mita 5.5 halisimami salama katika tundu la kina hicho. Msukumo mdogo wa upepo au mtikisiko inatosha kuliinamisha. Lazima kulikuwa na kitu cha kuishikilia juu, na jibu lenye mantiki zaidi ni boriti za paa au kiunzi cha mbao. Mbao zimeoza, ndiyo maana picha zinatuonyesha duara lililo wazi kwa jua. Jambo hili dogo lina uzito: nadharia nyingi zinazodai kwamba watu walisimama humo kutazama nyota zinalisahau paa.

Jiwe lilitokaje mwambani

Hapa hapahitaji majitu wala elimu iliyopotea. Chokaa ya kigongo kile imelala kwa matabaka ya ulalo, mengine yakiwa na unene unaotosha nguzo. Fundi alichora umbo la T juu ya mwamba, kisha akachimba mfereji kuzunguka mstari huo kwa zana za gumegume, ambalo ni gumu kuliko chokaa. Mfereji ukifika mpaka wa tabaka, kazi ya chini imeshafanywa na maumbile: jiwe limeshikwa na mshono dhaifu tu, na wenzo za mbao zikiingizwa pembeni linabanduka.

Kinachoharibu kazi ni nyufa. Tabaka la chokaa linaweza kuwa na ufa usioonekana juu, ukajitokeza baada ya mfereji wote kuchimbwa. Nguzo moja yenye urefu wa mita 7 hivi, inayokadiriwa kufikia tani 50, bado imelala machimboni ikiwa haijabanduliwa. Machimbo hayo yako mita mia chache tu kutoka majengoni.

Na kuvuta je? Piga hesabu. Jiwe la tani 8 likiburutwa juu ya njia ya magogo au udongo ulioloweshwa linahitaji nguvu ya takriban theluthi moja ya uzito wake, yaani karibu kilo 2,700. Mtu mmoja akivuta kamba kwa muda huvuta kilo 25 hadi 30 bila kujiumiza. Hao ni watu 90 hadi 110. Njia ikiwa mbaya idadi inakaribia mara mbili, na wenzo zikitumika kwa subira inashuka sana. Ni kazi ya ukoo kadhaa kukutana kwa siku chache. Haihitaji mfalme, na wala haihitaji jeshi la watumwa. Kilicho kigumu hasa ni kuwalisha wote hao kwa wakati mmoja, na jambo hilo tutalirudia.

Umri ulipimwaje, na kwa nini ilichukua muda

Jiwe halipimiki kwa kaboni-14. Kinachopimwa ni kitu kilichokuwa hai: mkaa, mbegu, mfupa. Nusu ya kaboni-14 hutoweka kila baada ya miaka 5,730, hivyo kitu chenye umri wa miaka 11,460 kimebakiwa na robo. Robo hiyo ni ndogo kiasi kwamba uchafu kidogo unaipotosha: asilimia 1 ya kaboni ya leo, kutoka kwenye mizizi kwa mfano, inaifanya sampuli ionekane changa kwa takriban miaka 240.

Göbekli Tepe ina taabu tatu za ziada. Mifupa ya pale imepoteza sehemu kubwa ya kolajeni, ile protini inayohitajika kwa kipimo. Ganda la chokaa linalojijenga taratibu juu ya mawe linapimika, lakini linatoa umri wa ganda, ambalo lilianza baada ya jengo kuachwa. Na mkaa uliookotwa kwenye kifusi unaeleza umri wa mkaa huo, wala hausemi jengo liliinuliwa lini. Ni sawa na kukuta sarafu ya mwaka 1975 ndani ya taka zilizomwagwa kwenye nyumba ya babu. Nyumba inaweza kuwa ya 1920 na taka zikawa zimemwagwa jana.

Njia ya kutokea ilikuwa udongo wa ukutani. Udongo uliokandwa kushikilia mawe ya jengo D ulikuwa na chembechembe za mimea, na chembe hizo ziliingia siku fundi alipokanda. Kipimo kilitoa kati ya mwaka 9745 na 9314 KK. Stonehenge, duara la mawe la Uingereza, ilianza kama miaka 6,000 baadaye. Kilima kikaendelea kutumika hadi karibu mwaka 8000 KK, yaani zaidi ya miaka 1,000 ya kujenga, kubomoa, kuhamisha nguzo na kujenga tena. Kwa hiyo mtu akisema "Göbekli Tepe ilijengwa hivi" muulize: katika karne ipi?

Kifusi

Schmidt aliamini kwamba majengo yalifukiwa kwa makusudi, pengine kwa ibada kama ya mazishi. Alikuwa na sababu. Kifusi kilijaa mifupa ya wanyama na zana kwa wingi wa kushangaza, na nguzo zilikuwa zimesimama vizuri ndani yake, kana kwamba zimefunikwa kwa heshima. Wazo likapendwa dunia nzima kwa sababu ni zuri: watu wanalizika hekalu lao.

Kisha ikaja kazi ya kujenga mapaa ya chuma ya kuyakinga majengo. Mihimili ya mapaa ilihitaji kukaa kwenye mwamba, kwa hiyo mashimo yalichimbwa hadi chini kabisa, sehemu ambazo hazikuwa zimeguswa. Humo yakaonekana mabaki ya nyumba za kawaida: vyumba, majiko, taka za jikoni, kuanzia matabaka ya chini. Zikaonekana pia njia za kukusanya maji ya mvua yaliyotiririka juu ya mwamba. Hoja ya zamani ilikuwa kwamba kigongo hakina chemchemi, hivyo haiwezekani watu waliishi pale. Sasa tunajua walikinga maji ya mvua.

Watafiti wakiongozwa na Lee Clare wa Taasisi ya Akiolojia ya Ujerumani wakakisoma kifusi upya, na picha ikabadilika. Majengo makubwa yako katika sehemu za chini, nyumba ziko kwenye miteremko inayoyazunguka. Kifusi kimeshuka kutoka mteremkoni: mawe ya kuta za nyumba, taka zao, mawe yao ya kusagia, vyote vikichanganyika bila mpangilio wa umri. Nguzo kadhaa zimevunjika au kuinama upande mmoja. Kuta za majengo zimerekebishwa zaidi ya mara moja, na kuta za kuzuia mteremko zimejengwa juu yake, kazi ambayo mtu hafanyi ila ameshapata maporomoko. Mvua kubwa au tetemeko, katika eneo ambalo hutikisika, vingetosha kuanzisha.

Kwa maoni yangu hili ndilo geuzo kubwa kuliko sanamu yoyote iliyofukuliwa, kwa sababu linatubadilishia wakazi. Badala ya mahujaji wanaokuja na kuondoka, tunao wanakijiji wanaoishi bega kwa bega na majengo yao ya mikutano, wakipigana na mteremko kizazi baada ya kizazi. Na mifupa iliyojaa kifusini, ambayo ilisomwa kuwa mabaki ya karamu kubwa za kufukia, inaweza kuwa sehemu kubwa ni taka za nyumbani za miaka mingi zilizoporomoka pamoja.

Walikula nini

Mifupa ni ya wanyama wa porini wote: swala, ng'ombe mwitu, punda mwitu, nguruwe mwitu, kulungu, mbweha, ndege wa aina nyingi. Swala ndio wengi, na waliwindwa zaidi kuanzia katikati ya kiangazi hadi majira ya vuli, makundi yalipopita. Hapo ndipo nyama ya kuwalisha wavutaji mia ilipopatikana, na huenda ndio uliokuwa msimu wa ujenzi.

Nafaka zilikuwepo, nazo ni za porini. Tofauti inaonekana kwenye suke. Suke la ngano-pori likikauka hupukutika lenyewe, na kila kipande huacha kovu laini pale kilipoachana na mwenzake. Hivyo ndivyo mmea unavyojipanda. La ngano inayolimwa halipukutiki mpaka lipurwe, na kovu lake ni la kuchanika. Mkulima wa kwanza hakuamua kuibadilisha. Kila alipovuna kwa mundu alichukua masuke yaliyogoma kupukutika, akayapanda tena. Vinasaba vya ngano ya punje moja inayolimwa vinakaribiana zaidi na vya ile inayojiotea kwenye mlima Karacadağ, ulio katika eneo hilohilo la kusini-mashariki mwa Uturuki.

Mawe ya kusagia yaliyochunguzwa pale yanazidi 7,000. Ni jiwe la chini lililobonyea na jiwe la juu la kushikwa mkononi, chombo ambacho msomaji aliyekulia kijijini Dodoma au Singida hahitaji kuelezwa. Mtafiti Laura Dietrich alitengeneza nakala, akasaga, kisha akalinganisha alama za uchakavu. Zinafanana na za kuparaza nafaka iwe chenga za uji, zaidi ya kusaga unga laini. Kuna pia mabirika ya mawe, mengine yanayoweza kubeba zaidi ya lita 150. Dalili za pombe zimetajwa lakini hazijathibitika, na ninayeandika haya sitaziweka mbele ya uji.

Vichwa, ndege na nyota

Kwenye nguzo 43 ya jengo D kuna tumbusi aliyenyoosha bawa, nge mkubwa chini yake, na pembeni mtu asiye na kichwa. Mwaka 2017 yalichapishwa maelezo ya vipande vya mafuvu matatu kutoka kilimani, yaliyochanjwa kwa gumegume mistari mirefu kutoka paji la uso kwenda kisogoni. Moja lina tundu na mabaki ya rangi nyekundu. Ukipitisha kamba tunduni na kuifunga kufuata mfereji, fuvu linaning'inia bila kuteleza. Je, ni la babu anayeheshimiwa, au la adui? Hakuna anayeweza kusema, na hata mtu asiye na kichwa kwenye nguzo hawezi kutumiwa kuthibitisha mojawapo.

Wapo wanaodai nguzo 43 ni ramani ya nyota inayohifadhi tarehe ya kimondo. Shida ni kwamba unahitaji kuamua wewe mwenyewe ni mnyama yupi ni kundi gani la nyota, kisha hesabu inatoka sawa. Hoja ya kijiometri ya 2020 ni bora zaidi: vitovu vya majengo B, C na D vinaunda pembetatu yenye pande tatu karibu sawa, mita 19 hivi kila upande. Hiyo inapimika. Udhaifu wake ni uleule wa zamani: kuta tunazopima ni za marekebisho ya mwisho, na hakuna uhakika kwamba zote tatu ziliwahi kuonekana hivyo siku moja.

Swali la nani anaweza kujenga ukumbusho mkubwa bila ufalme lina jibu hata kwetu. Lothagam North, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, wafugaji wa mapema, miaka kati ya 5,000 na 4,300 iliyopita, walijenga jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30, wakasimamisha nguzo za mawe ya volkano, na katikati wakazika watu wanaokadiriwa kufikia 580: wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, wengi wakiwa na shanga zao, bila dalili ya mkubwa kutengwa na mdogo. Ni zama nyingine na maisha mengine, hakuna uhusiano wa damu wala wa biashara. Lakini inaonyesha kwamba mawe mazito si lazima yawe alama ya mtawala.

Karahan Tepe na nguruwe mwenye rangi

Göbekli Tepe haiko peke yake tena. Karahan Tepe, kilomita 35 hivi kuelekea mashariki, imekuwa ikichimbwa tangu 2019 chini ya mwanaakiolojia Necmi Karul. Humo kuna chumba kilichokatwa ndani ya mwamba, chenye nguzo 11 zenye umbo la uume. Kumi zimechongwa kutoka mwamba uleule wa sakafu, na kichwa cha mtu mwenye shingo ndefu kinachomoza ukutani kuzikabili. Mwaka 2023 ikapatikana hapo sanamu ya mtu yenye kimo cha mita 2.3. Huko Sayburç, eneo jingine la zama hizo, baraza la jengo lina mchongo wa watu wawili, ng'ombe na chui wawili katika tukio moja, kama hadithi iliyosimamishwa katikati.

Mwaka huohuo wa 2023, juu ya baraza la jengo D la Göbekli Tepe, palifukuliwa nguruwe mwitu wa chokaa mwenye urefu wa mita 1.35, akiwa bado na mabaki ya rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Tumezoea kuziwazia nguzo hizi zikiwa jiwe tupu lenye weupe wa vumbi; huenda sehemu kubwa ya maana yake ilikuwa kwenye rangi. Rangi ya aina hiyo hushikilia kwenye tabaka jembamba la udongo linalogusana na jiwe, na likisuguliwa kwa brashi au kumwagiwa maji imekwenda.

Ndiyo maana wachimbaji hawana haraka. Kilima kiligawanywa kwa miraba, na kati ya mraba na mraba ikaachwa kuta za udongo ambazo hazikuchimbwa, zikionyesha matabaka ya kifusi yakiwa yamelala jinsi yalivyoanguka. Mtalii huziona kama kazi isiyomalizika. Kwa mchimbaji, kuta hizo ndizo zinazomruhusu kurudi na kuuliza upya kifusi kiliingiaje mle.